Kuzima damu ya kidonda cha tumbo bila kisu

(Hotuba ya daktari wa upasuaji mbele ya wauza dawa, Mwanza)

Mgeni rasmi, meza kuu, ndugu zangu wauza dawa. Itifaki naomba tuihesabu imezingatiwa. Nimepewa dakika 40, na jambo lililonileta ni la damu, nayo damu haina subira ya itifaki.

Mimi ni mpasuaji. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufungua watu matumbo, na vidonda vya tumbo vinavyovuja damu vilikuwa sehemu ya mkate wangu. Leo kwa mgonjwa wa namna hiyo kisu changu kimesogezwa hadi kiti cha mwisho cha basi, wala sioni wivu. Ila kuna jambo moja halijabadilika: mgonjwa huyu akifika kwangu, ameshapita dukani kwenu. Siku 3, siku 4 kabla. Ninyi ndio mnamwona akiwa bado anatembea.

Naomba nianze na mtu mmoja, jina lake nitaliacha. Mvuvi wa dagaa, kavuka miaka 50, anatoka moja ya visiwa vyetu. Mnajua dagaa huvuliwa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika. Huyu bwana alikuwa akipumzika ndipo mgongo unamkumbuka. Alikwenda duka la jirani, akapewa kibahasha chenye vidonge vya aina tatu. Bahasha alikuja nayo, imelowa maji ya ziwa, lakini vidonge viwili vilivyobaki nilivitambua: diklofenaki na piroksikamu, vyote vya maumivu. Cha tatu alikieleza kuwa kidogo, cheupe, kichungu sana, na mimi nikabashiri prednisoloni, dawa ya steroidi. Alikunywa asubuhi na jioni kwa wiki tatu, na mgongo ukanyamaza kweli. Halafu choo kikawa cheusi. Akarudi dukani, akasema tumbo linawaka, akapewa vidonge vya magnesiamu vya kutafuna. Choo hakukitaja, maana hakuna aliyemuuliza. Nani anaanza kusimulia choo chake mbele ya foleni?

Siku ya tatu alianguka akitoka chooni. Akaletwa kwa boti, kisha bajaji, amelala mapajani mwa mkewe. Presha 80 kwa 40. Wingi wa damu, ile HB, 4.8. Mikono baridi kama samaki wa kwenye barafu.

Hatukumkimbiza popote. Hili naomba mlisikie vizuri, kwa sababu ndugu zake walitaka kutupiga. Sindano mbili nene mikononi, maji ya dripu, damu ikaombwa, omeprazoli ya mshipani, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ikaanza. Akapewa na erithromaisini ya mshipani. Mnaijua kama dawa ya kuua vijidudu, lakini ina tabia ya kulikoroga tumbo lisukume kilichomo kwenda chini, ili tukiingia tusikute bwawa la damu iliyoganda. Baada ya saa 5 presha yake ilikuwa 110. Hapo ndipo tukampeleka kwenye chumba cha endoskopi.

Wengi wenu mnakiita kipimo cha kumeza mpira. Jina si baya, ni mpira kweli, mweusi, urefu wake kama mita moja, unene wake kama kidole changu cha mwisho. Ila neno "kipimo" linawapotosha watu. Mgonjwa anadhani tunakwenda kutazama, tukishatazama tutamwandikia dawa. Ndani ya mpira ule kuna njia nyembamba, milimita 3 hivi, na kupitia njia hiyo tunafanya kazi. Chumba kile ni chumba cha upasuaji, kasoro hakuna aliyechanwa.

Mvuvi wetu alilazwa kwa ubavu wa kushoto, akapuliziwa dawa ya ganzi kooni, akawekewa kipete cha plastiki kati ya meno asije akang'ata mali ya serikali. Mpira ukashuka: umio safi, tumboni damu nyeusi kama masimbi ya kahawa, tukaisukuma kwa maji, tukainyonya, tukasukuma tena. Tumbo lenyewe halikuwa na kidonda. Tukapita mlango wa chini wa tumbo, tukaingia kwenye duodenamu, pale utumbo mwembamba unapoanza, na ukutani kwa nyuma tukakikuta. Kidonda cha upana wa sarafu ya shilingi mia. Katikati yake mshipa umetokeza, mwekundu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Tulipoumwagia maji ukatema damu hadi kioo chetu kikaingia ukungu.

Mahali pale ni pabaya, na ubaya wake unaeleweka. Nyuma ya ukuta huo unapita mshipa mkubwa wa ateri unaotoka upande wa ini kushuka kulisha tumbo na duodenamu. Kidonda kikichimba kwenda mbele, kinatoboa na uchafu unamwagika tumboni. Kikichimba kwenda nyuma, kinaukuta mshipa huo. Kidonda ni kilekile, ila upande kilioelekea ndio unaoamua mgonjwa atakuja kwangu na maradhi gani.

Tulichofanya ni hiki. Sindano ndefu yenye ncha fupi ikapitishwa ndani ya mpira, tukachoma adrenalini iliyozimuliwa mara 10,000 pembeni ya mshipa, pande nne. Nyama ikavimba ikageuka nyeupe, damu ikapungua hadi matone. Adrenalini peke yake haitoshi, baada ya muda inaisha nguvu na damu inarudi. Lazima kifuate kitu cha kushikilia. Kwa hiyo ikaingia klipu. Fikirieni gando la kaa, dogo, la chuma, limekunjwa mwisho wa waya. Nesi anashika mpini upande wa nje, mimi nashika mpira, macho yote kwenye skrini. Nasema "fungua", gando linafunguka. Nasogeza hadi linagusa pande zote mbili za mshipa. "Funga." Tunatazama, hakuna anayepumua. "Achia." Linabaki pale, waya unatoka mtupu. Tukaweka la pili kwa usalama. Dakika 25 tangu kipete kiwekwe mdomoni.

Usiku ule hakuna aliyekwenda theatre. Siku ya pili alikunywa uji, siku ya tano akaondoka kwa miguu. Klipu zenyewe hudondoka zikatoka na choo baada ya wiki kadhaa, wala mtu hajui zimetoka lini.

Sasa niwape upande wa pili, maana mimi nimeufanya. Nikiwa kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa mama mmoja mwenye kidonda cha mahali hapohapo. Endoskopu ilikuwepo. Ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu aliyekwenda likizo. Tukampasua saa 8 usiku. Unafungua tumbo kuanzia chini ya kidari hadi kitovuni, unapasua duodenamu kwa mbele, unaona damu inakurukia kutoka nyuma, unaikandamiza kwa kidole, na huku kidole kikiwa pale unapitisha nyuzi nzito juu, chini na pembeni ya mshipa. Kisha unashona ulichokipasua na kuomba nyuzi zishike. Nyuzi zilishika. Damu ilisimama. Mama yule alifariki siku ya tatu kwa sababu mwili uliokuwa umeshaishiwa damu ulibebeshwa na jeraha langu. Sijausahau ufunguo ule.

Na upasuaji huo tulirithi ukiwa umepunguzwa makali. Kabla yake walimu wa walimu wetu walikuwa wakikata nusu ya tumbo au zaidi. Mwaka 1943 huko Chicago, Lester Dragstedt alianza kukata mishipa ya fahamu inayoliamrisha tumbo kutoa asidi, na kwa miongo kadhaa ndiyo ikawa tiba ya vidonda dunia nzima. Watu walipona vidonda, wakabaki na kuharisha na kizunguzungu kila baada ya kula.

Mpira huu una ukoo wake. Mwaka 1868 mjini Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alitaka kutazama ndani ya tumbo la mtu aliye hai, akaona hakuna anayeweza kuvumilia bomba lililonyooka isipokuwa mmeza panga wa maonyesho. Akampata, akamshusha bomba la chuma. Aliona giza, taa ya wakati ule haikufika. Karibu miaka 90 baadaye mtoto wa Afrika Kusini, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Bethal, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, pamoja na wenzake walifunga pamoja nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele zinazopitisha picha hata zikipindwa. Mwaka 1957 aliumeza mpira wake mwenyewe kwanza, ndipo siku chache baadaye akamtazama nao mgonjwa, aliyekuwa na kidonda cha duodenamu. Mgonjwa akisema kumeza mpira ni mateso, namwambia aliyeutengeneza alianza kuumeza yeye. Hainisaidii sana, lakini huwa wanatabasamu.

Tukishaingia, tunachokitafuta kwanza ni sura ya kidonda. Mwaka 1974 Forrest na wenzake huko Edinburgh walivipanga vidonda kwa namna vinavyoonekana, na hadi leo ndiyo lugha yetu. Kuna kinachorusha damu kama mpira wa bustani. Kuna kinachochuruzika. Kuna ambacho damu imesimama lakini mshipa uko uchi, kama wa mvuvi wetu kabla hatujaumwagia maji. Kuna chenye donge la damu limekalia. Kuna chenye doa jeusi tu, na kuna chenye kitako cheupe safi. Vya mwanzo visipotibiwa, karibu nusu yake huvuja tena. Cheupe safi huvuja tena kwa watu 5 hivi kati ya 100, na mwenye nacho tunampa dawa, anakula siku hiyohiyo, anakwenda kwao. Kwa hiyo wawili wenye malalamiko yaleyale, choo kilekile, wanaweza kulala hospitali siku tofauti kabisa, na mwenye dalili mbaya nje si lazima awe ndiye mwenye kidonda kibaya ndani.

Na hapa niseme jambo ambalo huenda wengine hawatalipenda. Damu ya kidonda cha tumbo, kwa watu kama 8 kati ya 10, husimama yenyewe. Husimama ukinywa maji ya kabichi, husimama ukinywa asali, husimama ukilamba udongo wa kichuguu, husimama ukikaa tu ukaangalia mpira wa Simba na Yanga. Ndiyo maana kila dawa ya vidonda inayotangazwa kwenye spika za stendi ina mashahidi wa kweli, wenye majina na namba za simu. Sisemi wanasema uongo. Nasema wale 2 waliobaki hawapo kwenye spika.

Mtaniuliza, ikivuja tena baada ya klipu? Inatokea. Zamani tulikuwa tunasema endoskopi imeshindwa, mlete mpasuaji. Hong Kong walilipima swali hilo na kulichapisha mwaka 1999: wagonjwa 92 waliovuja upya, 48 wakarudishwa kwenye mpira, 44 wakapasuliwa. Kati ya wale 48, watu 35 hawakuhitaji kisu tena. Waliopata madhara upande wa mpira walikuwa 7, upande wa kisu 16. Timu hiyohiyo mwaka uliofuata ikaonyesha kwamba ukishaizuia damu kwa mpira, ukampa mgonjwa omeprazoli ya mshipani miligramu 80 kwa mkupuo kisha 8 kila saa kwa siku 3, wanaovuja tena ndani ya siku 30 ni 8 kati ya 120, wakati waliopewa maji matupu walikuwa 27 kati ya 120. Asidi huyeyusha donge la damu. Ukiiondoa, donge linapata nafasi ya kukomaa. Mnaiuza kila siku kwa ajili ya kiungulia, kwetu ni nusu ya matibabu.

Mpira ukishindwa mara mbili, bado kisu kina mtu mbele yake. Huyo anaingia kwa kinena au kwa kifundo cha mkono. Anapitisha mrija mwembamba ndani ya ateri, akiongozwa na eksirei, anapanda hadi tumboni, anaufikia mshipa wenyewe unaovuja na kuuziba kwa koili za chuma, vijisokoto vya waya mfano wa springi ya kalamu. Josef Rösch na wenzake walichapisha habari za kuziba mshipa kwa njia ya mrija huko Oregon, Marekani, mwaka 1972. Kwa muda mrefu sisi tulilisoma vitabuni. Tangu mwaka 2018 wataalamu kutoka nje wamekuwa wakija Muhimbili kufundisha fani hiyo, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanzisha masomo yake ya uzamili, kwa hiyo wapo vijana wetu wanaoifanya kazi hii Dar es Salaam. Kutoka hapa hadi Dar na mgonjwa anayevuja ni safari nyingine, sitaipamba.

Upasuaji wa matundu madogo, ule wa kamera kupitia kitovuni ambao mnausikia kwenye redio, unasaidia zaidi kidonda kilichotoboka: unaziba tundu kwa kipande cha mafuta ya tumboni, unaosha, unatoka. Kwa kinachovuja damu nafasi yake ni ndogo, kwa sababu kamera hiyo inatazama tumbo kwa nje na damu iko ndani.

Nirudi kwenye haraka, maana ndugu wa mvuvi walitaka kunipiga. Hong Kong tena, mwaka 2020, walichapisha utafiti wa wagonjwa 516 walio hatarini, nusu wakafanyiwa endoskopi ndani ya saa 6 tangu daktari bingwa aitwe, nusu kati ya saa 6 na 24. Waliowahishwa sana hawakunusurika zaidi: ndani ya siku 30 walifariki 8.9 kwa mia kwa waliowahishwa, na 6.6 kwa waliosubiri. Mwili uliokauka damu unatakiwa ujazwe kwanza. Ila saa hizo 24 zinahesabiwa mgonjwa akiwa kitandani, sindano ziko mkononi, dripu inashuka. Hazihesabiwi akiwa nyumbani anatafuta nauli.

Hata damu ya kuongezewa ina kiasi chake. Barcelona walifuatilia wagonjwa 921, wakachapisha mwaka 2013. Waliowekewa damu HB iliposhuka chini ya 7 walinusurika zaidi kuliko waliowekewa chini ya 9: 95 kwa mia dhidi ya 91, kwa wiki 6. Wanaomwaga damu kwa kasi hawakuhusishwa, hao unawapa bila kuhesabu. Kwa benki zetu za damu, ambazo mnajua zilivyo shule zikiwa zimefungwa, hiyo ilikuwa habari njema mara mbili.

Na mnauza vidonge vya asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, kwa akina mama wenye hedhi nzito. Kuna watu wanampa nayo anayetapika damu, na mantiki inaonekana ipo. Ilipimwa kwa wagonjwa 12,009 katika nchi 15, matokeo yakatoka mwaka 2020. Haikuokoa maisha, na waliopewa waliganda damu kwenye mishipa zaidi. Msimpe.

Sasa tufike kwetu hasa, Kanda ya Ziwa. Hapa si kila anayetapika damu ana vidonda. Wenzetu wa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, walipochapisha mwaka 2012 orodha ya waliowakuta kwenye endoskopi, walioongoza hawakuwa wa vidonda. Walikuwa wenye mishipa iliyovimba kwenye umio, vidonda vikafuata nyuma. Mishipa ile inavimba kwa sababu damu inashindwa kupita kwenye ini, na ini la watu wetu wengi limeharibiwa na kichocho, kile cha utumbo kinachopatikana kwa kuingia ziwani. Mvuvi, mfua nguo, mtoto anayeoga. Mtu wa hivyo akitapika, anatapika beseni zima. Hafungwi klipu, mishipa yake inafungwa kwa vipete vya mpira, vidogo kama vya kufungia noti, navyo vinapita kwenye endoskopu hiyohiyo. Kwa macho ya dukani hamwezi kuwatofautisha, wala mimi siwezi. Ndiyo maana ukisikia "ametapika damu", usiandike "vidonda" kwenye karatasi ya rufaa. Andika alichokiona.

Nije kwenye kaunta zenu. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa hesabu rahisi: mtu wa kijijini yuko karibu na duka kuliko zahanati. Hesabu hiyo bado ni kweli, na ndiyo inayonifanya niwaombe mambo ambayo nisingewaomba watu wengine.

La kwanza ni kuuliza choo. Najua ni aibu. Msimuulize "choo chako kikoje", atasema kizuri. Muulizeni: "Kinafanana na lami? Kinanata? Kina harufu ambayo hujawahi kuisikia?" Aliyewahi kukiona hatasita, atakodoa macho kama umemfumania. Anayemeza FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, choo chake nacho ni cheusi, lakini hakinati wala hakina uvundo huo. Aliyepata kizunguzungu akisimama, au moyo unamwenda mbio, huyo asipande bodaboda peke yake.

La pili ni hilo la bahasha. Kuna imani kubwa kwamba sindano ya diklofenaki haiumizi tumbo kwa kuwa haipiti tumboni. Inaumiza. Dawa hizi zinazuia mwili kutengeneza kinga ya ukuta wa tumbo, na zinazuia kwa kupitia damu. Ukichoma takoni, ukimeza, ukiweka njia ya nyuma, ni mulemule. Kula ugali kwanza kunapunguza kiungulia, hakumlindi mtu na kidonda. Diklofenaki na piroksikamu pamoja hazitulizi mara mbili, zinaumiza mara mbili. Ukiongeza prednisoloni unamwaga petroli. Mzee wa zaidi ya miaka 65, au aliyewahi kuwa na vidonda, au anayemeza aspirini ya moyo kila siku, mpeni parasetamoli na mumwelekeze kwa daktari. Lakini aspirini ya moyo msimwambie aache kwa kusikia tu tumbo linawaka. Tumewahi kuokoa tumbo tukapoteza moyo.

Mtaniambia mteja akikosa bahasha kwako ataipata duka la pili. Ni kweli, na sina jibu la kuwapendeza. Ninachojua ni kwamba mvuvi wangu aliporudi kliniki alikuwa na hasira na mwenye duka kuliko nilivyokuwa mimi, na kijiji chake ni kidogo.

La tatu ni yule bakteria, Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren walikuwa Perth, Australia, wakijaribu kumwotesha maabara bila mafanikio, hadi sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982 sahani zilipoachwa siku nyingi kuliko kawaida na bakteria akaota. Alihitaji muda tu. Hakuna aliyewaamini, Marshall akamnywa bakteria huyo, akaugua tumbo, na mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobeli. Kwenu maana yake ni kwamba kidonda kilichofungwa klipu kitarudi kama bakteria hajauawa. Mgonjwa anatoka kwangu na karatasi ya dawa za siku 14, omeprazoli na antibayotiki mbili, vidonge vingi, vingine vinaharibu ladha mdomoni. Anafika kwenu na hela ya siku 5. Msimkatie dozi. Mwambieni anunue kwa awamu, mwandikieni kwenye daftari, mkopesheni kama mnavyomkopesha sukari, lakini siku 14 zitimie. Na jingine: anayetaka kupimwa bakteria huyo kwa choo au pumzi, aache omeprazoli wiki 2 kabla, vinginevyo kipimo kinasema hana naye anaye. Hata anayevuja damu tukimpima siku hiyohiyo kipimo kinaweza kudanganya, kwa hiyo akija na jibu la "hana" la siku ya kulazwa, arudie.

Mvuvi alikuwa naye. Amemaliza dozi, karudi giza lililofuata ziwani, mgongo bado unamuuma. Anasugua mafuta na kumwachia kijana wake kazi ya kuvuta nyavu, na kijana hajafurahi.

Muda wangu umekwisha, naona MC ananionyesha saa. Ule mpira uliofungwa kwenye trei pale mezani ni endoskopu iliyostaafu, taa yake imekufa ila shingo bado inapinda. Pembeni yake kuna sponji nimeichora mshipa kwa kalamu nyekundu. Glavu ziko kwenye boksi. Anayetaka kujaribu aje na mwenzake, mmoja ashike mpira, mmoja ashike mpini, mkumbuke maneno matatu: fungua, funga, achia. Klipu ni mbili tu, na moja nimeshaiharibu mimi asubuhi nikijifunza upya, kwa hiyo mnayo nafasi moja.